Usukani Hukaguliwa na Watu Wawili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kila nikiona gari linatoka garejini likiwa na watu ndani. Siku nyingine za ujana wangu zimechanganyika, sijui ipi ilitangulia ipi, lakini hiyo moja imesimama peke yake. Nimekuita ukae hapa kidogo kwa sababu tangu Jumatatu naona unavyomtazama mwenzako hapa gareji akisifiwa. Hujasema neno, najua. Mimi pia sikusema neno kwa karibu mwaka mzima, nikidhani usoni hakuonekani kitu.

Wakati huo serikali za kaunti ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Isiolo yetu ikajaa ofisi zenye rangi mbichi, na pamoja na ofisi yakaja magari ya fobai, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Lami ilikuwepo mjini, lakini ukitoka kidogo tu ni mawe, mchanga, na zile barabara zenye mikunjo kama bati zinazotikisa gari mpaka nati zinalegea zenyewe. Kwa mafundi hiyo ilikuwa neema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, Mturkana wa mtaa wa Kiwanjani, na nilifanya kazi kwa Mzee Kirimi, Mmeru mmoja mtaratibu aliyeanza kutengeneza magari kabla sijazaliwa. Shule sikufika mbali. Kila nilichojua nilikipata kwa mikono yangu na kwa kukaripiwa na yule mzee.

Mzee Kirimi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Injini fungua peke yako ukitaka, breki vilevile, lakini usukani hukaguliwa na watu wawili. Gari linashushwa kutoka kwenye jeki, matairi yanakanyaga ardhi kwa uzito wote, injini inawashwa. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva na kuuzungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kuacha. Wa pili analala chini ya gari na kuweka kiganja kwenye kila kiungo, kuanzia lile boksi la usukani lililofungwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, mpaka kwenye gurudumu lenyewe. Kiungo kilicholegea kinagonga kwenye kiganja kabla jicho halijaona kitu. Mkimaliza mnabadilishana, wa juu analala chini na wa chini anapanda, mnaanza upya. Sisi tuliita kazi hiyo kuzungusha. Niliwahi kumuuliza kwa nini tubadilishane ikiwa mmoja ameshakagua. Akaniambia kidole kimoja hakivunji chawa, akaendelea na chai yake.

Kwa miaka tisa wawili hao tulikuwa mimi na yeye. Madereva walikuja wakisema wameleta gari kwa Ekiru, na mimi jina langu likitajwa hivyo nilisikia kama nimeongezwa urefu. Ukweli ni kwamba nilijua kazi. Lakini nilikuwa nimezoea kuijua peke yangu, na mazoea hayo ni mabaya kuliko kutojua.

Kisha akaja Talaso. Alikuwa msichana wa Kiborana wa miaka ishirini na mitatu, ametoka chuo cha ufundi na cheti chake kwenye mfuko wa plastiki. Aliingia asubuhi moja, kitambaa cha kichwa amekifunga nyuma kwa nguvu kisije kikashikwa na feni ya injini, akasema, "Salaam aleikum. Natafuta Mzee Kirimi, nimesikia anataka fundi." Mimi nikacheka moyoni. Nikasema huyu grisi ikimwingia kwenye kucha atarudi kwao kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Wiki ya tatu daktari mmoja wa mifugo alileta gari lake ambalo usukani ulikuwa unatetemeka likishika mwendo. Nililishughulikia siku mbili. Nikabalansi matairi, nikabadilisha shoki ya usukani, nikabadilisha tairodi endi zote, vile viungo vya mwisho vinavyounganisha usukani na magurudumu, na kila nikilijaribu linatetemeka vilevile. Siku ya tatu Mzee Kirimi akapanda kwenye kiti, na badala ya kuniita mimi akamwambia Talaso alale chini. Chai ya mzee haikuwa imepoa bado. "Ni huku kushoto, mzee," sauti ikatoka chini ya gari. "Bearing ya juu, pale gurudumu linapogeukia. Imekwisha." Nikaenda kuweka kiganja changu. Ilikuwa imekwisha kweli.

Mzee akashuka, akapangusa mikono, akamwambia yule daktari, mbele yangu, "Huyu ana mkono."

Maneno matatu tu, mwanangu. Miaka tisa hakuwahi kuniambia mimi hayo. Alikuwa akiniambia "sawa", na siku nikifanya vizuri sana, "sawa sawa". Usiku ule sikula. Nililala nikiwaza mkono wa yule msichana, una nini ambacho wangu hauna. Na kwa kuwa nimeamua kukueleza yote, nitasema na hili: kwamba alikuwa msichana kulinichoma mara mbili. Angekuwa mwanamume ningemwita mshindani. Yeye nilishindwa hata nimwite nani.

Kuanzia hapo wivu ukawa ndio kazi yangu ya kwanza, magari ya pili. Spana ya kumi na tisa, ile nzuri, nilikuwa naiweka mfukoni nikijua ataihitaji. Nilimpangia malori ya kubadilisha springi, kazi nzito ya nyundo, nikitumaini atachoka. Hakuchoka, na hilo nalo nikamwonea wivu. Wateja wakimsalimu kwa jina nilisikia kifua kinabana. Akicheka na fundi wa kuchomelea, nilijua wananicheka mimi, ingawa walikuwa wanazungumza habari za mbuzi. Kijicho kina masikio yake, na yanasikia ambayo hayakusemwa.

Siku moja nilikuwa nikimweleza mteja ugonjwa wa gari lake, Talaso akapita na kusema kwa upole, "Lakini Ekiru, hata presha ya tairi ungeangalia kwanza." Nikageuka, watu wote wakisikia, nikamjibu, "Nikitaka mwalimu nitarudi shule." Mteja akacheka. Talaso aliokota ndoo yake ya mafuta akaenda zake, na tangu siku ile hakunipa tena wazo lolote. Nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Sasa nije kwa Guyo. Huyu alikuwa dereva wa Kiborana mwenye umri wa baba yangu, mwenye fobai yake mwenyewe iliyokuwa ikibeba watu na mizigo kwenda Sericho. Sericho ni mbali, maji ni shida, na gari la Guyo likilala huku mjini, kuna nyumba kule hazipati unga wala dawa za ngamia. Alikuja Jumatano asubuhi. Mzee Kirimi alikuwa ameenda kwao Meru kwa mazishi, akaniachia gareji.

"Ekiru, stiaringi yangu imekuwa mlevi," Guyo aliniambia. "Naielekeza huku, inafikiria kwanza. Na nikikata kona polepole kuna kitu inagonga, ko, ko. Kesho asubuhi nina watu."

Nilitikisa kichwa kama daktari. Nikainua gari kwa jeki, nikashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa. Tairodi endi moja ilikuwa inacheza. Nikafurahi, nikasema ugonjwa ni huu. Nikaibadilisha, nikakaza, nikapima matairi kwa uzi yakawa yamenyooka, nikatikisa tena. Kimya. Gari likiwa juu ya jeki lilikuwa halina neno.

Lakini gari likiwa juu ya jeki, mwanangu, halijabeba kitu. Gurudumu linaloning'inia hewani halisumbui mtu, hata chesisi ikiwa imepasuka. Ndiyo maana tulikuwa tunalishusha na kuzungusha, na nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Alhamisi asubuhi Guyo akaja kulichukua. Nililishusha chini. Ilibaki kuzungusha, na katika gareji nzima mafundi wa kazi hiyo tulikuwa wawili tu. Talaso alikuwa chini ya lori, hatua kumi kutoka niliposimama. Nilisikia nyundo yake. Nilichohitaji kusema ni, "Talaso, njoo tuzungushe," maneno ambayo hata mtoto anaweza kuyasema. Nikafungua mdomo, yakakataa kutoka. Niliona vile atakavyolala chini, na vile sauti yake itakavyotoka tena mbele ya mteja, "ni hapa." Nikafikiri, hapana, si kwa Guyo, si kwa mteja wangu wa miaka yote.

"Mmezungusha?" Guyo akaniuliza. Aliijua sheria ya Mzee Kirimi kama tulivyoijua sisi.

"Tumezungusha," nikasema.

Akaondoka na watu sita na magunia juu. Alikuwa apitie Gotu kwanza ashushe dawa za mifugo, kisha ashike njia ya Sericho. Nilisimama langoni nikimpungia mkono.

Haikupita hata saa moja. Talaso akatoka chini ya lori, akatafuta kwa macho mahali gari lilipokuwa, akaniuliza, "Ile gari ya Guyo umezungusha na nani?"

"Haikuhitaji," nikamwambia.

Akaweka nyundo chini. "Ekiru, ile gari jana niliona kutu inatiririka pale boksi imefungwa na chesisi. Rangi ya chai. Nikajua kuna ufa. Nikasema utaniita tukizungusha, utaona mwenyewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akatoa simu yake mfukoni. Hakuwa na haja ya kunikumbusha. Nilikuwa nimemfunga mdomo mimi mwenyewe mbele ya watu, na sasa nilikuwa namuuliza kwa nini amenyamaza. Nakuambia hiki, na usikipoteze: mtu mwenye wivu hujizungushia watu walionyamaza, halafu hudhani amani imekuja.

Talaso akampigia Guyo simu. Haikushika. Akapiga tena, haikushika, kwa sababu ukishatoka mjini upande ule mtandao unapotea. Akafungua aproni, akaanza kutembea kwenda kutafuta bodaboda amfuate. Mimi nilikuwa na pikipiki yangu pale ukutani. Nikamwambia, "Panda."

Unadhani nilienda kuwaokoa watu? Ningependa kukuambia hivyo. Nilienda kwa sababu sikuweza kuvumilia yeye aende awaokoe peke yake, jioni mji mzima uwe unalitaja jina lake. Watu sita walikuwa kwenye gari bovu, na mimi njiani nilikuwa bado nahesabu nani atasifiwa. Ndivyo wivu ulivyo. Hauondoki hata kifo kikikaribia, unahamia tu kiti cha nyuma.

Tuliwakuta kabla ya Gotu, kwenye laga. Mto huo huwa mkavu mwaka mzima isipokuwa mvua ikinyesha juu, na barabara inashuka ghafla kwenye mchanga. Gari lilikuwa limepandisha pua kwenye ukingo, magunia yamemwagika. Watu walikuwa wametoka wamekaa kivulini. Mama mmoja alikuwa ameshika mtoto mchanga anayelia, na kile kilio, wallahi, kama anavyosema Talaso, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile. Mzee mmoja alikuwa amepasuka kipaji cha uso. Wengine walikuwa wamechubuka tu. Guyo alikuwa amekaa mchangani, mkono wa kulia ameupakata kwenye mapaja.

Baadaye alitueleza. Gurudumu la mbele liligonga jiwe kwenye mteremko, chesisi ikaachia pale penye ufa, boksi likang'oka. Usukani ukajizungusha kwa nguvu zote na kumvunja mkono palepale kwenye kifundo, kisha ukawa hauna kazi, anauzungusha hewani huku gari linakwenda linakotaka. Ukingo wa mchanga ndio uliowaokoa. Mbele kidogo palikuwa na mawe.

Guyo alitutazama wote wawili. "Mlisema mmezungusha," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mimi nikatazama chini. Talaso akachuchumaa mbele yake, akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akaanza kuufunga ule mkono. "Pole sana, abba," akasema, yaani baba kwa Kiborana. "Ni garage yetu imekosa. Tusamehe." Akajiingiza kwenye kosa langu kama mtu anayeingia nyumbani kwao. Na mimi, mwanangu, hapo juu ya ule mchanga, nikamwonea wivu hata kwa wema wake. Nikajiuliza kwa nini hata kosa langu yeye analibeba vizuri kuliko mimi.

Mzee Kirimi alirudi Jumamosi, habari zikiwa zimemfikia njiani. Alituita sote wawili. Aliuliza jambo moja tu: gari la Guyo lilizungushwa au halikuzungushwa? Nikanyamaza. Talaso akaona nimenyamaza, naye hakunisemea. Alisema tu kwamba yeye aliiona ile kutu na hakusema kitu.

Mzee akamgeukia. "Talaso," akasema, "wewe una mkono, na uliona. Fundi akiona ufa akanyamaza, mimi sina kazi yake. Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita." Kwangu hakusema kitu. Alikwenda akakaa kwenye benchi lake.

Nitakuambia nilichosikia, hata ukinidharau. Nilisikia furaha. Lile nililoliomba kimoyomoyo mwaka mzima lilikuwa limekuja bila mimi kuinua kidole. Gareji ni yangu tena, usukani ni wangu tena. Nilimtazama akikusanya vitu vyake, ile furaha ikiwa bado mdomoni.

Alifika langoni, akasimama, akageuka akarudi hadi kwangu. Nikajua sasa atanitukana, na nikajiandaa. Akasema, "Ekiru, ile lori, springi ya kushoto nimekaza boliti mbili tu. Mbili za nyuma bado, nimeziingiza kwa mkono tu, bila spana. Kabla dereva hajakuja uzikaze. Usisahau." Halafu akaondoka.

Nilibaki nimesimama. Nilijiuliza, mwanangu, kama ningekuwa ndiye ninayefukuzwa kwa kosa la mtu mwingine, ningerudi kumwambia habari za boliti mbili? Nilijijua. Ningeondoka nikiomba zile boliti zianguke. Wakati huo ndipo nilipoelewa Mzee Kirimi alikuwa akimaanisha nini aliposema ana mkono, na kwamba nilikuwa nimemwonea wivu mwaka mzima kwa kitu ambacho sikukiona hata kilivyo. Ile furaha iligeuka, ikawa kama nimemeza grisi.

Nikaenda kwenye benchi la mzee. Nikamwambia yote: kwamba sikuzungusha, kwamba nilidanganya, kwamba Talaso alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na sikumwita, na kwa nini sikumwita. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kukiri kosa mtu mzima anaweza. Kukiri wivu kunakuvua nguo.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Ekiru, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa wako tangu siku ile ya daktari wa mifugo, nikasema ni mtu mzima, atauziba mwenyewe. Hapo ni kosa langu. Lakini uliyemdanganya kwanza si mimi. Anza na huyo, ukimaliza upite kwa Talaso umrudishe, kisha ndiyo uje kwangu."

Nikaenda kwa Guyo nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Alinikaribisha, akaniletea chai ya maziwa, ndiyo adabu yao hata kwa mtu aliyewakosea. Nilipomaliza kusema, alikaa akiutazama ule mkono. "Mimi nimeendesha kwa huu mkono tangu nikiwa kijana," akasema. "Daktari anasema miezi mitatu, na hata baada ya hapo hajui. Na Sericho wanangoja unga. Sasa utaendesha wewe. Mimi nitakaa kando nikuonyeshe njia."

Kwa hiyo miezi mitatu nilikuwa mkono wa Guyo. Kila safari niliendesha lile gari lenyewe, na yeye amekaa kando yangu na mkono wake umefungwa. Hakunilaumu hata mara moja. Tukifika kwenye ile laga alikuwa anashika dashibodi kwa mkono wake mzima, na mimi napunguza mwendo.

Lakini safari ya kwanza haikuanza hivyohivyo. Fundi alikuwa amechomelea bamba kwenye chesisi, boksi limefungwa upya kwa boliti mpya, gari limeshushwa chini. Talaso alikuwa amerudi. Nilikuwa nimeenda kwao, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, akanijibu kwa kichwa tu, na tangu arudi hatukuwa tumezungumza. Mzee Kirimi alikuwa kwenye benchi amenipa mgongo kwa makusudi. Guyo alikuwa amesimama kando na abiria wake. Nikayatafuta yale maneno niliyoyameza siku ile. Bado yalikuwa mazito. Nakwambia ukweli, wivu ulikuwa bado upo palepale, haukuwa umepungua hata kidogo.

"Talaso," nikasema, "njoo tuzungushe."

"Lala chini," akasema, akapanda kwenye kiti.

Nililala kwenye vumbi, nikaweka kiganja kwenye boksi. Akaanza, kushoto kidogo, kulia kidogo. Nikasikia chuma kimetulia. Nikashuka na viungo kimoja kimoja mpaka mwisho. Kisha tukabadilishana, akalala yeye, nikazungusha mimi. Alipofika kwenye ile tairodi niliyoifunga peke yangu akasema nisimame. Nati ilikuwa imekaza vizuri, lakini ile pini ndogo ya kuizuia isifunguke nilikuwa nimesahau kuikunja. Angeweza kulisema kwa sauti, mbele ya Guyo na wote. Alitoa mkono chini ya gari, akaniomba koleo, akaikunja mwenyewe.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Mwenzako akikuzidi, wivu utakuja. Usijidanganye kwamba wewe ni mtu mwema na hautakuja, utakuja tu. Kuukataa huwezi, na kuuficha ni kuufuga. Ukiusikia, siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, mwendee yule unayemwonea wivu umwombe akusaidie jambo moja, hata dogo. Mwombe akushikie taa. Wivu hauwezi kukua kwa mtu unayemwita kwa jina kila siku na kumwambia njoo. Wala usimfunge mdomo mtu anayejua usilolijua, maana siku utakayohitaji neno lake utakuwa umeshalizika. Na kazi inayotaka watu wawili usiifanye peke yako kwa sababu ya kiburi, kwa maana wanaopanda gari hawamjui Ekiru wala Talaso, wanataka kufika Sericho tu.

Guyo hakurudi kuendesha safari ndefu. Kile kifundo hakikurudi vizuri. Alimpa mwanawe gari, na hadi leo tukikutana ananisalimu kwa mkono wa kushoto, na mimi naupokea nikijua sababu.

Talaso ana gareji yake sasa, kubwa kuliko hii yetu, unaijua. Nikipita pale na kuona magari yalivyopangana nje, bado kifua kinabana, baada ya miaka yote hii. Basi huwa naingia. Nasalimu, nakaa, namuuliza kitu ambacho sikijui, naye ananionyesha.

Mungu akulinde njiani, mwanangu, na akulinde zaidi na moyo wako mwenyewe. Akupe mwenzako anayekuzidi, na akupe ulimi mwepesi wa kumwita. Mikono yako isije ikamvunjia mtu mkono wake. Na siku ukikosa, akupe mtu wa kurudi kutoka langoni kukuambia habari za boliti mbili.